Watoto wa Chekeche

Chekeche ilianza kuimba. Ndivyo wafanyakazi wa Kituo cha Uhimilishaji cha Jiji la Rungwe walivyouita ule mlio mwembamba uliotoka tumboni mwa mashine kila ilipopewa manii mapya ya fahali, na wapo walioapa kwamba waliweza kumtambua fahali kwa kuusikiliza tu. Walikuwa wakijidanganya. Ulikuwa mlio wa pampu.

Ndani ya kipande cha kioo kidogo kuliko ukucha, mbegu za kiume ziliachiwa ziogelee katika vijia vyembamba vya kupitisha mbegu moja moja. Jicho-mwanga liliitazama kila moja, kichwa, shingo, mkia na mwendo, na akili mnemba ikatoa hukumu kabla mbegu haijapiga mkia mara ya pili. Iliyokwenda mbio na kunyooka ilipelekwa kwenye mirija ya kugandishwa, ikangoje kupandikizwa kwa ng'ombe. Iliyoyumba ilimwagwa. Kwa kazi hiyo Chekeche ilikuwa imejaza maziwa kwenye kila jokofu la nyanda za juu, na Dakta Ambwene Mwakisisile, aliyeibuni wakati bado ana nywele kichwani, alikuwa amepata kwayo nishani mbili, barabara yenye jina lake, na kitambi.

Asubuhi hiyo alikuwa ameinamia kioo akiangalia mbegu za fahali mmoja kijana. Aliangalia mpaka macho yakamuuma. Baridi ikampanda mgongoni, ingawa alikuwa amevaa masweta mawili kama kila mtu mwenye akili zake anavyovaa Rungwe mwezi wa saba.

"Hosiana," aliita. "Hebu njoo uone."

Hosiana, mtaalamu wa jeni aliyetoka Moshi na kufanya naye kazi miaka mingi, alikuja na kikombe chake cha chai.

"Naona mbegu, Dokta. Nzuri kweli kweli. Chekeche haijamwaga hata moja."

"Hilo ndilo linalonitisha."

"Si ndicho tulichokuwa tunakitafuta siku zote?"

Ambwene aliinamia kioo tena. Dume yeyote mzima, awe ng'ombe au sungura, hutoa mbegu mchanganyiko: zenye vichwa vikubwa, zenye mikia miwili, zenye uvivu, zenye kichaa, zinazozunguka palepale kama mlevi anayetafuta mlango. Hizi zilikuwa sawasawa zote, kana kwamba zimechapishwa.

Ukutani nyuma yake palikuwa na picha alizokusanya tangu chuoni. Palikuwa na mbegu ya nzi mmoja mdogo ambayo ikikunjuliwa inamzidi nzi mwenyewe kwa urefu mara nyingi. Palikuwa na za panya, zenye ndoano kichwani, ambazo hushikana na kuogelea kwa kundi kama watu wanaovuka mto wameshikana mikono. Za minyoo fulani hutambaa. Za fuko wasio na manyoya ni legelege na mbovu mbovu, kwa kuwa mume wa malkia wao hana mshindani wa kumharakisha. Hakuna seli nyingine ya mnyama yenye maumbo mengi kiasi hicho, na wanafunzi walipomuuliza sababu, Ambwene aliwajibu kwamba mbegu hutengenezwa na njia inayoipita. Mwili wa jike ndio mtahini, na madume wengine ndio wenzake darasani. Ukibadilisha mtihani, vizazi vikipita, utaona mbegu nazo zimebadilika.

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza itakuwaje mtahini akiwa mashine. Naye hakuwahi kujiuliza, na sasa alijiuliza, akaogopa.

Aliogopa kwa sababu kulikuwa na habari nyingine. Kwa miezi kadhaa mimba za ng'ombe zilikuwa zinaharibika katika mabanda ya ghorofa ya Kiwira. Wafugaji walilaumu majani, madaktari wa mifugo wakalaumu kirusi, na kirusi hakikuonekana. Ambwene na Hosiana walikwenda kuona wenyewe. Mfugaji mmoja, Mama Tumpe, aliwapandisha kwa lifti hadi ghorofa ya sita na kuwaonyesha mtamba aliyelala ubavu, tumbo limevimba, macho yameshaingia utando.

"Huyu jana amekula vizuri tu," Mama Tumpe alisema. "Amecheua, amenilamba mkono. Leo asubuhi ndiyo hivi. Ni wa nne huyu, Dokta. Wote mimba ya miezi mitano. Ndama anafia tumboni, na ng'ombe hamtoi. Anakaa naye tu kama hana habari, mpaka anamfuata."

"Baba yake huyu mtamba ni wa Chekeche?"

"Hapa kuna asiye wa Chekeche?"

Walichukua damu, wakachukua na nyama ya ndama, wakarudi maabara na kujifungia na kazi. Hosiana ndiye aliyeikuta, na alipoikuta alikaa chini.

Ilikuwa jeni ndogo, ya zamani, ambayo pengine ilikuwapo kwa fahali mmoja mmoja tangu enzi na enzi. Wakaipa jina la jeni nyang'anyi. Dume mwenye nakala moja ya jeni hiyo hana ugonjwa wowote. Ila mbegu zake zinapotengenezwa, nusu huipata na nusu huikosa, na zile zenye jeni hutema sumu inayowalemaza ndugu zao walioikosa, huku zenyewe zikijiwekea dawa. Zinabaki zenyewe uwanjani, zinakimbia kwa kunyooka, zinapendeza.

"Lakini tumboni mwa ng'ombe hazifiki mbali," Hosiana alisema. "Nimezijaribu kwenye ute wa ng'ombe halisi. Zinatoka kwa kasi, halafu zinachoka. Njia ya jike ni ndefu, ina kona, ina kungoja. Ndiyo maana jeni hii ilikuwa adimu."

"Na vijia vya Chekeche ni vifupi," Ambwene alisema. "Tunapima mbio za hapa na pale mlangoni, halafu tunazibeba wenyewe mpaka ndani kabisa."

"Kwa hiyo tumekuwa tukimchagua mwizi, Dokta. Kila siku, miaka yote, tunamchagua mwizi kwa sababu anakimbia vizuri. Na ndama akipata nakala mbili, ya baba na ya mama, anakoma kukua mwezi wa tano."

Pampu iliendelea kulia, maana hakuna aliyekuwa ameizima. Hosiana akageuka polepole.

"Ile ya hospitali, ile ya watu. Ni mashine nyingine, sivyo?"

Ambwene alitamani kusema ndiyo. "Ni hii hii," alisema. "Tulibadilisha rangi tu."

Miaka thelathini iliyopita Jiji lilikuwa na wanaume wengi walioshindwa kupata watoto, na Ambwene alipeleka Chekeche hospitalini akiwa na furaha ya mtu anayepeleka mvua. Ilifanikiwa mno. Lakini hakuna mwanamume wa Rungwe aliyetaka ijulikane kwamba mwanawe alipitia kwenye kioo, kwa hiyo sheria ya siri ya wazazi ilipitishwa, na kila mtoto alipozaliwa, kumbukumbu zake za hospitali zilifutwa. Watoto wenyewe hawakuambiwa. Sasa wamekuwa watu wazima, na ndio kwanza wanaoana.

Ambwene alikwenda siku hiyo hiyo kwa mganga mkuu wa hospitali. Mganga mkuu alimsikiliza kwa adabu zote, akakubali kwamba jambo ni zito, akamwomba aandike ripoti ili kamati ikae. Wajawazito wawaite vipi, aliuliza, wakati hakuna ajuaye nani ni nani?

Ambwene alimjua mmoja. Alirudi maabara, akafungua jokofu, akatoa damu ya mwanawe Lusajo, mtoto wa Chekeche naye, iliyobaki tangu apimwe kabla ya kwenda kazini angani, kwenye vituo vya kuvuna jua. Aliipima peke yake, mlango ameufunga kwa komeo. Jeni nyang'anyi ya watu, pacha wa ile ya fahali, ilikuwamo.

Mke wa Lusajo, Ikupa, alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Mtu wa mbali angesema, basi si apige simu? Lakini Ambwene hakuwa amewahi kuzungumza na Ikupa hata neno moja. Kwao mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso wala kuzungumza, ndiyo heshima, na ingawa koo nyingi za jijini zilikuwa zimelegeza, ukoo wa Mwakisisile haukulegeza. Teknolojia badala ya kuiua mila hiyo iliipa miguu. Wote wawili walivaa mkononi kengele ya ukwe, bangili ndogo iliyotetema mmoja alipomkaribia mwenzake, ili kila mmoja ashike njia yake. Katika miaka miwili ya ndoa Ambwene alikuwa ameuona mgongo wa mkwewe mara mbili, ukikata kona.

Na palikuwa na kosa baya kuliko hilo. Wakati wa posa, mshenga alimvuta kando akamuuliza, "Niulize na habari ya Chekeche?" Ambwene akamkatalia katakata. Ukiuliza, utaulizwa. Hivyo ndivyo watu wa Rungwe walivyoozana kwa kizazi kizima: walichunguza kifafa, walichunguza wizi na uchawi mpaka kwa mama wa bibi, na lile moja wakaliruka kwa makubaliano ambayo hakuna aliyeyatamka. Aliyeiunda mashine naye aliliruka, tena mbele ya wote.

Alimkuta mkewe, Mama Lusajo, jikoni anamenya ndizi.

"Mapema hivi? Wamekufukuza kazi?"

"Kaa kwanza, Mama Lusajo."

Alimweleza yote. Mama Lusajo hakupiga kelele. Aliweka kisu chini, akajifuta mikono taratibu, kidole baada ya kidole.

"Nilitaka kumwambia mtoto alipomaliza darasa la saba. Ukasema akue. Alipokua, ukasema aoe kwanza."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeniletea leo." Macho yalikuwa yamemjaa. "Huyu binti kama ni wa Chekeche?"

"Lusajo atakuwa amempa mtoto ile jeni, hilo karibu ni hakika. Ikupa kama anayo, ama ametoa ama hakutoa, ni kama kurusha shilingi. Kama ametoa, mtoto hatavuka mwezi huu. Na mwili wa Ikupa hautajua. Damu itachafuka kidogo kidogo, na dalili ikija kuonekana, itakuwa basi tena."

"Usiseme."

"Akiwahi hospitali anapona. Ng'ombe wawili tumewawahi, wamepona."

Mama Lusajo alichukua simu, akatoka nayo uani kumpigia mama yake Ikupa. Ambwene alimwona kupitia dirisha, anatembea huku na huku, mkono kiunoni. Aliporudi uso wake ulikuwa na nafuu kidogo.

"Amekataa. Ameapa kwa jina la Mungu. Anasema mwanawe ni wa baba yake, hajui hata mlango wa hiyo mashine ulipo."

"Alikuuliza kwa nini unataka kujua?"

Mama Lusajo alifikiri. Ile nafuu ikaondoka usoni.

"Hapana," alisema. "Hakuuliza."

Wakatazamana. Mama asiye na la kuficha, ukimpigia simu ghafla na swali kama lile, atakuuliza kwa nini, tena kwa ukali.

"Nenda ukamchukue," Ambwene alisema.

"Nikienda mimi, atampigia mama yake, na mama yake ataapa tena. Atamwamini nani? Mashine ni yako. Nenda wewe, akusikie wewe."

"Mama Lusajo, mimi na yule mtoto..."

"Mila nitaiombea radhi mimi. Nenda! Mimi natangulia hospitali kuwaambia watuandalie kitanda."

Nyumba ya Lusajo ilikuwa mtaa wa pili tu, ng'ambo ya shamba la chai la ngazi. Ukungu ulikuwa haujapanda. Ambwene alikwenda karibu kukimbia, kitambi kikimchelewesha, na alipofika kwenye uzio kengele ya ukwe ikaanza kutetema mkononi. Alijua kwamba ndani, wakati huo huo, bangili ya Ikupa nayo inatetema, na binti anatafuta viatu atokee mlango wa nyuma. Aliivua yake akaizima. Aliona aibu kubwa kufanya hivyo, kama mtu anayenyatia nyumba ya watu, akazunguka upande wa nyuma.

Ikupa alikuwa amesimama karibu na kamba ya nguo, anaangalia bangili yake iliyonyamaza ghafla. Alipoona kivuli cha mwanamume, akajifunika khanga usoni, akageuka akachutama, mgongo kwake, kama alivyofundishwa.

"Usikimbie, mama," Ambwene alisema. "Nisamehe. Nisikilize hivyo hivyo ulivyo."

Mgongo haukusogea.

"Mumeo ni mtoto wa Chekeche. Hajui. Mimi ndiye niliyemficha, na ndiye niliyemwambia mshenga asiulize habari zenu, ili na sisi tusiulizwe. Sasa tumegundua kwamba mashine ina dosari. Mtoto ambaye baba yake ni wa Chekeche na mama yake ni wa Chekeche anaweza kufia tumboni mwezi wa tano, na akamchukua na mama. Nimekuja kukuuliza wewe. Mama yako ameapa kwamba wewe si wa mashine. Naomba Mungu iwe kweli. Lakini nilikuja kwa sababu na mimi ningeapa."

Maji yalidondoka kutoka kwenye nguo. Ambwene alifikiri kwamba binti hatasema, kwamba adabu waliyomfundisha itamziba mdomo mpaka afe nayo.

"Baba," Ikupa alisema. Lilikuwa neno la kwanza Ambwene alilowahi kulisikia kutoka kwake. "Mama aliniambia usiku wa kuamkia harusi. Akasema niende nayo kaburini."

"Ee Kyala," Ambwene alisema, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao.

"Lusajo naye ni hivyo?"

"Naye ni hivyo."

Ikupa aliondoa khanga usoni, akageuka. Alikuwa na uso wa duara, mdogo kuliko alivyoudhania, na ulikuwa umelowa jasho katika baridi ile.

"Alikuwa ameanza kucheza," alisema. "Tangu Jumapili ametulia. Nilijiambia kwamba amelala. Wanalala, sivyo, Baba? Huwa wanalala?"

Ambwene alimshika mkono. Ulikuwa wa moto kama kikombe cha chai. Akamwinua wakaenda.

Walipofika, Mama Lusajo alikuwa mlangoni na kitanda cha magurudumu na wauguzi wawili, akawafuata mpaka mlango wa mwisho unaoruhusiwa. Ambwene alibaki kwenye ukumbi wa kungojea. Aliomba, yeye ambaye alikuwa amesahau kuomba. Alimwomba Mungu vitu viwili, halafu akaogopa kwamba ameomba vingi, akabakiza kimoja.

Daktari alipotoka alikuwa binti mdogo, mnyonge wa uso, na hakumzungusha.

"Mtoto tumemkuta ameshatangulia, Mzee. Siku tatu, labda nne. Damu ya mama ilikuwa imeanza kuharibika, mngekuja jioni ningekuwa nakwambia mengine. Ila tumeiwahi. Atapona."

"Ni wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

Ambwene alikaa akalia, kwa sauti, bila kujificha, na watu wakamwangalia. Alimlilia mjukuu, akamlilia na Lusajo, ambaye atapigiwa simu huko juu na kuambiwa kwa siku moja kwamba amepoteza mtoto na kwamba yeye mwenyewe alipitia kwenye kioo. Alilia pia kwa hasira ya kujijua yeye ni nani. Nishani zote zile, na mkwewe alikuwa amekaa siku nne anangoja mtoto aamke, hana wa kumuuliza.

Alipoinua kichwa, aliona mbele yake, kwenye dirisha la mapokezi, mama mmoja wa makamo aliyevaa kitenge kizuri, na pembeni yake msichana mwenye tumbo. Muuguzi alikuwa akimuuliza msichana jina na anakoishi. Msichana alijibu kwa sauti ndogo, mkono juu ya tumbo, akisema kwamba anaumwa kichwa tu, labda na homa kidogo.

"Homa ya kawaida," mama yake aliingilia. "Na mwanangu si wa mashine. Andika hivyo. Si wa mashine huyu."

Muuguzi alimtazama kwa mshangao. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Ambwene alinyanyuka. Alikwenda akasimama karibu nao, macho mekundu, kofia mkononi. Mama yule alimtambua, kama kila mtu jijini alivyomtambua, na mkono wake ukamshika binti yake begani.

"Mama," Ambwene alisema, "mimi ndiye niliyeitengeneza Chekeche. Mwanangu ni wa Chekeche, na kwa miaka yote nimekuwa nikisema si wa mashine, kama unavyosema wewe. Sasa hivi mkwe wangu ametolewa mtoto amekufa, mle ndani. Yeye mwenyewe amepona, kwa sababu alikubali kusema."

Alidhani atamtukana. Mama alifungua mdomo, na kweli lilionekana tusi linakuja. Kisha akamgeukia binti yake, akaliangalia tumbo lile kwa muda mrefu, akaweka kiganja juu yake na kungoja, akakihamisha upande wa pili, akangoja tena.

"Mwezi wa ngapi, Baba?" alimuuliza Ambwene. "Inaanza mwezi wa ngapi?"